Barua Iliyosomwa Mstarini

Jumatatu ile posta ya karibu na mnara wa saa ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Baridi ya Juni ilikuwa imeshuka kutoka mlima Meru pamoja na ukungu wake, na watu wote kwenye foleni walifanana: makoti ya mitumba, masweta, kofia za sufu zilizovutwa hadi masikioni. Mtu mmoja tu hakufanana nao. Twahira Shamsudin alivaa gauni refu la bluu lililomkaa kama lililozaliwa naye, na mtandio wa zambarau shingoni. Binti wa fundi cherehani wa Kaloleni hatoki nyumbani na pindo lililolegea, na hata mkobani mwake hamkosekani sindano na uzi.

Alikuwa wa tano kutoka dirishani pale kitu kilipokatika nyuma yake, na bahasha zikamwagika sakafuni kama karanga. Moja ilitua juu ya kiatu chake. Akainama, akaiokota, akasoma: Mratibu wa Wanafunzi wa Zamani, Shule ya Sekondari Nkoamburi.

Hakuinuka mara moja. Jina la shule ile alikuwa amelikwepa kwa miaka kumi na mitatu.

"Samahani dada," ilisema sauti ya kiume juu ya kichwa chake. "Raba bendi za siku hizi ni za maonyesho tu."

Sauti ile aliijua kabla hajaona uso. Aliinuka taratibu. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, suti ya kijivu, viatu vyenye udongo mwekundu wa Akheri, kovu dogo kidevuni alilolipata kwenye nguzo ya mpira wa wavu. Pindo la suruali ya mguu wa kushoto lilikuwa limeshuka.

"Twahira?" alisema yule mtu, na bahasha mbili zikamponyoka tena.

"Ndiyo mimi. Wewe ni nani?"

"Gadiel. Tulikaa meza moja ya maabara."

Twahira aliweka kidole shavuni kama mtu anayetafuta. "Ooh. Yule aliyekuwa anaogopa chura."

"Sikuogopa. Nilimwonea huruma."

Watu wawili kwenye foleni walicheka, na Twahira naye akacheka. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kilichoamka, kikajinyoosha, kikaanza kunoa meno.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1989, wakiwa kidato cha nne, Twahira alimwandikia Gadiel barua moja tu. Pale Nkoamburi wavulana na wasichana hawakuruhusiwa kuzungumza nje ya darasa, kwa hiyo barua zilisafiri ndani ya madaftari. Unaazima daftari la mwenzio kunakili notsi, unaiweka barua katikati, unalirudisha kwenye dawati lake. Alifanya hivyo na daftari la Gadiel la Biolojia, lile lenye kava la gazeti. Kesho yake asubuhi Mwalimu Aminiel, mwalimu wa nidhamu, alisimama chini ya bendera akaisoma barua ile mstarini, mbele ya wanafunzi mia nne, kwa sauti ya kubana pua. Baada ya mtihani baba anataka kunipeleka kwa shangazi Tanga. Nikirudi, utakuwa umenisubiri? Nijibu hata kwa neno moja.

Wavulana walicheka hadi wakashikana mabega. Gadiel alisimama mstari wa tatu akitazama viatu vyake. Baadaye, ofisini, Mwalimu Aminiel alimwambia Twahira maneno yaliyomkaa kifuani kuliko kicheko chote: "Usimlilie huyo kijana. Mwenyewe ndiye aliyeileta."

Mzee Shamsudin alikuja na futi yake bado shingoni, akasaini karatasi ya kumwondoa binti yake, akaondoka naye miezi miwili kabla ya mtihani. Miaka minne Twahira alishona vifungo barazani. Kisha akajiandikisha masomo ya jioni, akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli, akarudia, akafaulu. Akasoma kompyuta. Sasa, mwaka 2002, wakati kila duka la vitenge Barabara ya Sokoine lilikuwa linageuka kuwa intaneti kafe, yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza tovuti katika duka la binamu yake Najim. Kila alichokuwa nacho alikipata kwa mlango wa nyuma, na mlango wa mbele alifungiwa na mtu huyu aliyekuwa akiokota bahasha.

"Hizi zote ni za nini?" aliuliza kwa upole.

"Fomu za waliosoma Nkoamburi. Mimi ni mwalimu pale sasa. Shule inatimiza miaka arobaini mwezi wa nane, na mkuu wa shule anataka wanafunzi wa zamani wawe na sehemu yao kwenye tovuti. Kazi nimepewa mimi, na kompyuta naijua kwa kuitazama tu."

Twahira alifungua mkoba, akatoa kadi, akampa.

"Njoo kesho," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alikuja kabla duka halijafunguliwa, na pindo bado limeshuka. Twahira aliifungua tovuti ya shule, iliyotengenezwa na mzungu mmoja wa kujitolea ambaye alishaondoka. Sehemu ya wanafunzi wa zamani ilikuwa majina mia moja na themanini yaliyopangwa kwa herufi, basi.

"Hii si sehemu ya wanafunzi wa zamani," alisema. "Hii ni orodha ya marehemu."

"Twahira, humu kuna mkuu wa wilaya."

"Hata yeye akiona jina lake hapa atajipapasa kama bado anapumua. Sikiliza, mwalimu. Watu hawaji kusoma majina, wanakuja kujitafuta. Kila mmoja apewe ukurasa wake. Picha ya zamani na ya sasa. Bweni lake, jina lake la utani. Na swali moja: jambo gani la Nkoamburi hujalisahau? Waulize hilo uone kama hawatakesha wakiandika."

Gadiel alicheka. "Ulikuwa hivi hivi maabara. Mimi namtazama chura, wewe umeshamaliza kuchora."

Alipoondoka, Najim alikuja akaegemea meza. "Dada, huyu si yule wa barua?"

"Ndiye."

"Na unamfanyia kazi?"

"Kazi kubwa sana," alisema Twahira, na Najim hakuupenda ule mwanzo wa tabasamu.

Mpango ulikuwa rahisi. Mwalimu Aminiel alipomwondoa shule, aliibana barua ile kwenye karatasi ya kufukuzwa, na Twahira alikuwa ameitunza chini ya nguo zake muda wote huo. Angeiingiza kwenye skana. Siku ya sherehe, wageni wamejaa ukumbini, ukurasa wa kwanza kufunguliwa ungekuwa wa Gadiel, mratibu. Na chini ya picha yake, kama jibu lake mwenyewe, wangesoma: Sijasahau kwamba Twahira Shamsudin aliniandikia barua hii, nami nikaipeleka kwa mwalimu wa nidhamu. Yeye alichekwa na mia nne. Na huyu achekwe.

Kilichokuja kuharibu mambo ni wiki zenyewe. Fomu zilimiminika kutoka Kikatiti, Dodoma, hadi ng'ambo. Mmoja alikumbuka uji ulioungua, mwingine alikumbuka loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa ya mgando, iliyoibwa jikoni pamoja na ndoo yake. Gadiel aliketi kando ya kiti chake akimsomea, yeye akichapa, na mara nyingine walicheka hadi wateja wa kompyuta nyingine wakageuka. Jioni alikuwa akimpigia simu kutoka nyumbani kwao Akheri.

"Uko wapi? Nasikia upepo," Twahira alisema siku moja.

"Juu ya kisiki cha mti wa kahawa. Nikishuka, mtandao unashuka na mimi."

"Mwalimu mzima, juu ya kisiki."

"Mama amenipita mara mbili na ndoo ya maziwa. Ameniuliza kama ninaongea na malaika."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia karibu na hapo."

Twahira aliegemeza shavu mkononi. Alikuwa na miaka thelathini, alishachumbiwa mara moja akakataa, na hakuna mwanamume aliyewahi kupanda kisiki kwa ajili yake. Alijisikia akilainika, akachukia. Siku mbili aliiweka barua ile nje ya skana, akiitazama tu. Ndipo Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, alipoamua kumpa nafasi moja ya kusema kweli.

"Gadiel, wewe mwenyewe hujajaza fomu. Jambo gani hujalisahau?"

Alimsikia akihamisha miguu juu ya kisiki.

"Siku uliyoondoka," alisema Gadiel. "Nilikuwa na kosa, Twahira. Kubwa. Sijui niliseme vipi kwenye simu."

"Basi usiliseme," alijibu kwa sauti tamu. "Lala salama, laazizi."

Alikata simu, akainua kifuniko cha skana, akailaza barua ndani. Kisha akachapa yale maneno ya chini ya picha.

Jumamosi ukumbi wa Nkoamburi ulijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na suti, vitenge vipya, mashuka mekundu ya wazee waliotoka upande wa magharibi wa mlima, harufu ya ndizi na nyama kutoka jikoni. Twahira alivaa gauni jeusi lenye mkono mrefu na dhahabu kidogo sikioni. Alikaa mstari wa mbele kando ya Anande, rafiki yake wa bweni, aliyekuwa sasa nesi. Upande wa pili, kwenye kiti chenye mto, alikaa Mwalimu Aminiel, mstaafu, fimbo mkononi, macho yameshikwa na ukungu wa uzee. Wanafunzi wake wa zamani walipita mmoja mmoja wakimwamkia, "Shikamoo mwalimu," naye akiitikia marahaba huku akiuliza kila mmoja kama siku hizi ana adabu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Theresia, alimwita Gadiel jukwaani. Suti ile ile ya kijivu, imepigwa pasi. Projekta ikawaka. Alibofya jina lake mwenyewe, akageukia ukutani akitabasamu, na tabasamu likamwishia usoni kidogo kidogo kadiri alivyokuwa akisoma.

Barua ilijaa ukuta mzima, mwandiko wa msichana wa miaka kumi na saba. Minong'ono ilianzia nyuma ikaja mbele. Mtu mmoja akacheka.

Twahira alikuwa ameingojea saa ile miaka kumi na mitatu. Alinyoosha shingo ili asikose hata kidogo.

Gadiel hakutazama viatu vyake safari hii. Alimtazama yeye. "Twahira," alisema, na kipaza sauti kikalibeba jina hadi nje. "Mimi sijawahi kuiona barua hii. Niliisikia siku ile tu, kama wengine."

"Imeandikwa nini huko?" aliuliza Mwalimu Aminiel kwa sauti. "Nisomeeni, macho yangu yamenikimbia."

Anande alisimama akamsomea, barua na maneno ya chini yake. Mzee alianza kutikisika kwa kicheko kabla hajamaliza.

"Hiyo! Hiyo naikumbuka. Huyu kijana hakuileta, masikini. Mkaguzi alikuwa anakuja, nikaagiza madaftari yote ya Biolojia yaletwe asubuhi, nikaikuta humo. Ningengoja vijana walete barua, si ningengoja mpaka leo?" Alijifuta macho kwa leso. "Ilikuwa njia yangu. Barua nazikamata kwenye daftari, kisha namwambia binti: mwenyewe ndiye aliyeileta. Ukimwambia hivyo, mapenzi yanakufa siku hiyo hiyo. Hata fimbo huna haja nayo. Miaka ishirini na miwili, njia hiyo haikuniangusha hata mara moja."

Alingoja wacheke. Hakucheka mtu.

Anande alikuwa bado amesimama. "Mwalimu," alisema polepole, "na mimi uliniambia hivyo. Kuhusu Lemburis."

"Na mimi," ilisema sauti ya mwanamke karibu na dirisha.

"Na mimi, mwaka sabini na nane," alisema mama mmoja mwenye mvi, akiwa ameshika mjukuu.

Wakainuka, mmoja huku, mmoja kule, wanawake tisa, watu wazima na mikoba yao. Hawakupiga kelele. Walimtazama tu mzee, naye hakuwaona, akawa anageuza kichwa huku na huku akiuliza, "Mbona kimya? Nini?"

Twahira alitazama jukwaani. Gadiel alikuwa ameshaweka kipaza sauti mezani na kutoka kwa mlango wa pembeni.

Alimkuta nyuma ya maabara, karibu na tangi la maji.

"Gadiel."

"Wiki sita," alisema bila kugeuka. "Wiki sita unanimiminia chai, unaniita mwalimu wangu, unaniita laazizi. Na muda wote umeniwekea maneno mdomoni kwenye mashine yako."

"Ulisema una kosa."

"Ninalo. Nilinyamaza. Walikucheka nami nikasimama pale nikihesabu kamba za viatu. Hilo ndilo nililotaka kukwambia, uso kwa uso, leo, baada ya sherehe." Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Mwalimu alikudanganya mara moja, ulikuwa mtoto. Wewe umenidanganya kila siku, na wewe ni mtu mzima."

Akampita, akaondoka.

Jumatatu Twahira alifanya lile lililowezekana kwa mikono yake. Aliyafuta maneno yale, na mahali pake akaandika: Maneno yaliyokuwa hapa niliyaandika mimi, Twahira Shamsudin, kwa hasira. Hayakuwa kweli. Gadiel hakuipeleka barua. Kisha akafungua ukurasa mpya akauita Barua za Mstarini, akayaweka maneno ya Mwalimu Aminiel neno kwa neno, kama alivyoyasema, na jina lake juu.

Sehemu ile ambayo jana yake ilikuwa na ndoo za loshoro sasa iliwaka moto. Wanawake waliandika kutoka kila pembe. Wanaume waliandika pia, waliokuwa wamenuniwa tangu ujana bila kujua kosa lao. Lemburis, mfugaji na baba wa watoto watano, aliandika mstari mmoja: Anande, sikuipeleka. Anande aliusoma dukani kwa Twahira, akaomba auone tena, akaaga bila kumaliza soda yake.

Wiki iliyofuata Mwalimu Theresia alipiga simu. "Mzee anaomba ukurasa ule uondolewe. Anasema anadhalilika mbele ya wajukuu."

"Kuna neno ambalo hakulisema?"

"Hapana. Lakini ni mzee, Twahira."

"Shikamoo yangu ataipata kila nikimwona, mama. Ukurasa hautoki." Alisema bila kupandisha sauti, na alipoweka simu alijisikia kama aliyelala usingizi wa siku tatu. Mzee huyo Twahira hakumsamehe, wala hakuona haya.

Gadiel hakupiga simu. Twahira alimbipu mara mbili bila mafanikio. Alipanga kwenda Akheri akaahirisha, akapanga tena. Najim alimletea vitumbua, vikapoa mezani.

Siku ya kumi na sita baada ya sherehe ilikuja bahasha kwa posta, yenye udongo mwekundu pembeni. Ndani mlikuwa na fomu moja ya wanafunzi wa zamani. Jina: Gadiel. Mwaka: 1989. Jina la utani: Chura. Jambo usilolisahau: Njoo Jumatatu saa moja na nusu, mstarini. Mwalimu wa zamu ni mimi.

Alikwenda. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na wanafunzi walikuwa wamepangwa kwa madarasa, masweta ya kijani, pumzi zikitoka midomoni kama moshi. Mwalimu Theresia alisimama barazani, mikono kifuani. "Nimempa dakika tatu," alimnong'oneza Twahira. "Akizidisha, napiga kengele."

Gadiel alisimama chini ya bendera, pale pale aliposimama Aminiel. Alikunjua karatasi.

"Kuna barua ilisomwa hapa mwaka 1989," alisema. "Aliyeiandika alichekwa, na mvulana aliyeandikiwa alinyamaza. Mvulana huyo alikuwa mimi. Leo najibu." Aligeukia barazani. "Twahira binti Shamsudin, uliomba neno moja. Sikujua nikujibie wapi, lakini jibu limekuwa lile lile kila mwaka. Nimesubiri."

Wasichana wa kidato cha kwanza waliziba midomo. Mvulana wa nyuma alijaribu kucheka, mwenzake akamkanyaga. Twahira alivuka uwanja mbele ya macho yote yale, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake, akasimama hatua moja kutoka kwake.

"Na yale niliyokuandikia ukutani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yananiuma bado. Nitakuwa nakukumbusha ukizeeka."

"Ni haki yako."

"Tumelipana basi?"

"Nani amekwambia? Nimesubiri wiki tatu, umesubiri miaka bila kusema. Hiyo si adhabu." Aliitoa ile karatasi mikononi mwake akaikunja. "Adhabu yako iko Kaloleni. Leo saa kumi mzee atakuwa kwenye cherehani yake. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, wewe ni nani, dini gani, na unataka nini kwa binti yake. Akikuuliza ulikuwa wapi siku ile aliposaini, mimi sitakusaidia hata neno."

Gadiel alijipapasa kola. "Nivae nini?"

"Suti hiyo hiyo."

Kengele ililia. Mistari ikavunjika, watoto wakawapita kwa kelele kuelekea madarasani. Gadiel alijitazama, akauona mguu wa kushoto, lile pindo lililoburuzika kwenye umande.

"Baba yako ataliona hili kabla ya shikamoo."

"Ataliona," alisema Twahira.

Mkobani mwake mlikuwa na sindano na uzi wa kijivu. Hakuvitoa.